Kumpisha Mkwe

Nimecheza gemu za kompyuta kwa miaka kumi na saba na sijawahi kuua mtu hata mmoja. Hilo huwashangaza vijana wanaokuja kwenye steshenari yangu hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, kuchapisha barua za kuomba kazi. Wakiona kwenye skrini yangu kuna mtu mdogo anatembea kwenye mvua, huuliza, "Dada, sasa hapo adui yuko wapi?" Nawaambia hakuna adui. "Sasa unashindaje?" Hushindi. Wananitazama kwa huruma, wanachukua karatasi zao, wanaondoka. Mimi nabaki na mtu wangu kwenye mvua.

Ninazozipenda ni zile ambazo hakuna anayezizungumzia. Nyingi zimetengenezwa na mtu mmoja, chumbani kwake, huko sijui wapi, na ukizitafuta mtandaoni unakuta watu wanne tu wametoa maoni, mmoja wao akilalamika. Kuna moja ya fundi wa vyombo vilivyovunjika. Unaletewa vipande vya bakuli, unaviunganisha, mwenyewe anakuja kulichukua, basi. Mara nyingine anakuja mtu anayetaka bakuli lake lirudi kama lilivyokuwa kabla halijavunjika, na gemu haikupi njia yoyote ya kufanya hivyo. Unamrudishia na nyufa zake. Kuna nyingine ya mwanamke anayetafuta nyumba fulani katika mji wenye mvua. Ukicheza kwa saa tatu hivi barabara inakatika ghafla, yanatokea maandishi ya aliyeitengeneza akiomba radhi kwamba aliishiwa nguvu, kwa hiyo ameishia hapo. Wengine wangesema ni utapeli. Mimi niliona nimekutana na mtu mkweli, nikaicheza tena mara mbili.

Gemu kubwa zenye matangazo hunipigia kelele kama mhubiri wa stendi. Hizi ndogo hukaa na wewe kimya, na mimi napenda mtu wa kukaa naye kimya, ingawa mume wangu atakwambia nina mdomo.

Hapa lakini nataka kuandika habari za moja tu, ile ninayoiita gemu ya kilima, kwa sababu ndiyo iliyonikutanisha na baba mkwe wangu, na ndimo nilimompoteza.

Jina la mzee silitaji. Waandishi huficha majina kwa sababu zao. Mimi hata nikitaka siruhusiwi. Nilizaliwa mjini, kwa baba aliyekwisha kuachana na mambo hayo, nikaolewa kwenye ukoo wa kijijini Masukulu ambao haujaacha. Kwa Kinyakyusa inaitwa ukutila. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawakai chumba kimoja, hawazungumzi, hawatazamani usoni. Mkikaribiana njiani, mkamwana anatoka njiani, anaingia migombani, anageuza mgongo mpaka mzee apite. Jina lake hulitamki, wala neno linalofanana nalo. La mkwe wangu linafanana na neno la kitu kimoja cha jikoni, na kwa miaka kumi na moja kitu hicho nimekiita "kile".

Siku hizi wengi wameacha, na wengine wanapeana mikono na wakwe zao bila shida. Yeye hakuacha. Mwanzoni nilikasirika sana. Nilimwuliza mume wangu, "Baba yako anadhani nina ukoma?"

"Ni heshima tu. Heshima si utumwa," akasema.

"Mtumwa angalau husalimiwa," nikamjibu.

Ndilo lililoniuma, salamu. Nilichotaka kwa mzee yule kilikuwa kidogo mno: nimwambie shikamoo, aniambie marahaba. Wateja wangu wote nasalimiana nao, hadi wale wasiolipa. Mtu aliyemzaa mume wangu nilimjua kwa mgongo, kwa kofia yake ya sufu, na kwa kikohozi chake cha kutangulia, alichokohoa kila alipokaribia kona ili mimi nipate nafasi ya kukimbia.

Kisha moyo wake ukaanza kusumbua, miguu ikavimba, na daktari akataka awe karibu na hospitali. Wakaja kwetu yeye na mama mkwe. Kwenye nyumba ya kawaida hilo ni jambo la kutandika kitanda. Kwetu lilikuwa kama kupanga ratiba ya treni mbili kwenye reli moja. Tulimpa chumba cha mbele chenye mlango wake wa nje. Mimi nikahamia mlango wa jikoni. Steshenari yangu ni fremu iliyojengwa ubavuni mwa nyumba, mlango wake uko barabarani, na ukuta wake wa ndani ndio ukuta wa chumba kile. Tukawa tumetenganishwa na tofali moja, mimi na mkwe wangu, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Tukuyu ikinyesha inanyesha, na ikinyesha hakuna mteja. Nilikuwa nafungua gemu ya kilima na kuiacha icheze muziki wake. Siku ya tatu au ya nne mama mkwe akaja mlangoni na mwavuli.

"Baba anauliza," akasema, "hii ledio yako mbona haina mtangasaji?"

Nilicheka mpaka nikainama juu ya printa. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi, kisha kimya cha mtu anayesikiliza. Nikamweleza mama kwamba si redio, ni mchezo, kuna kilima chenye ukungu, unapanda miti na kutembea. Akaenda akarudi. "Anauliza, ni mlima gani?" Nikasema si mlima wa kweli. Akaenda, akarudi tena. "Anauliza, miti inasitawi?"

Jioni ile mume wangu alichukua kompyuta ya zamani niliyokuwa nimeiweka pembeni kwa sababu ya kibodi yake kuchakaa, akapitisha waya juu ya dari kutoka kwenye fremu hadi chumba cha baba yake. Gemu ile watu wawili wanaweza kuicheza pamoja kama mashine zao zimeunganishwa. Mimi kwa miaka yote nilikuwa nikiicheza peke yangu.

Kumfundisha kulichukua wiki nzima, maana nilifundisha kupitia kwa mama mkwe. "Mwambie herufi W ni kwenda mbele." Namsikia upande wa pili: "Anasema hii hapa, kama milima miwili imegeuswa chini juu, ni kwenda mbele." Mzee akauliza ikiwa milima imegeuzwa kwa nini asirudi nyuma. Lilikuwa swali zuri.

Gemu hukuomba uandike jina, lielee juu ya kichwa cha mtu wako. Hilo sikulifikiria. Nilikaa mbele ya skrini yangu nikijua kwamba dakika yoyote nitaona mbele ya macho yangu lile neno nisilotakiwa kulitamka. Mtu wake akatokea mguuni mwa kilima, amevaa joho la kijivu kama wangu, bila uso, maana katika gemu ile hakuna mwenye uso. Juu ya kichwa chake palikuwa patupu. Jina aliliacha wazi kwa ajili yangu. Nikafuta la kwangu pia.

Sikuwa nimewahi kutendewa wema na mzee yule nikajua kwamba ni wema. Nikafurahi kama mtoto, nikamkimbiza mtu wangu kilimani kwenda kumlaki. Nilidhani kwamba huku, kwenye kilima cha mtu wa nchi nyingine, mambo ya Masukulu hayapo. Nilipokuwa hatua kumi kutoka kwake, akatoka njiani. Akaingia kwenye majani marefu, akageuza mgongo, akasimama.

Niliumia. Nilifunga gemu nikaenda kumenya viazi kwa hasira hadi vikabaki vidogo kama karanga.

Nilipotulia niliona jambo jingine. Katika mila, anayetoka njiani ni mkamwana. Mzee hampishi mtu. Yeye alitoka, akaniachia njia. Labda kwa sababu nilikuwa nakimbia na hakutaka kunisumbua. Tangu siku ile nikawa nimeshika adabu yangu: nikimwona mbali kwenye ukungu, natangulia mimi kutoka, nageuka, nangoja hatua zake zipite. Gemu ile ina mlio mzuri sana wa hatua kwenye majani yenye umande. Nilizijua hatua zake. Zilikuwa za mtu anayetembea akikagua shamba.

Tukaishi hivyo miezi minane. Mtu wako katika gemu ile hubaki pale pale ulipomwacha hata ukizima mashine, kwa hiyo asubuhi nilijua mzee alilala wapi. Nilipanda miche kwenye mgongo wa kilima, kesho yake nikaikuta imehamishwa bondeni. Mama akaja na ujumbe: "Anasema pale pana upepo, hata mtoto anajua." Alipanda miti yake kwa nafasi zile zile za migomba yake, akachimba mfereji ambao mimi sikujua kwamba gemu inakuruhusu kuuchimba. Miaka sita nilikuwa nikiicheza, nikijiona mjuzi. Mkulima wa chai mwenye miguu iliyovimba alinionyesha nusu ya gemu ambayo sikuwahi kuiona. Alimwambia mama aniulize kama aliyeitengeneza ni mtu wa huku kwetu Mpuguso, kwa jinsi alivyoujua ukungu. Nikasema hapana. Alikataa kuamini.

Kwenye kona moja palikuwa na jiwe bapa. Hapo aliniachia vitu: tunda, unyoya, kokoto za buluu kutoka mtoni. Nami nilimwachia vyangu. Siku nilipomwachia kibuyu cha maji, kilichokuwa kigumu kukipata, mama alikuja hadi mlangoni kwenye mvua kubwa kuniambia maneno mawili tu, "Ndaga fijo," yaani ahsante sana, kisha akarudi. Sijawahi kupokea zawadi ya maneno iliyosafirishwa kwa taabu vile kwa umbali wa ukuta mmoja.

Kitu kimoja tu katika gemu ile hatukukigusa. Kuna kitufe cha kuinamisha kichwa, na ukikibonyeza kengele ndogo inalia. Nilikuwa nimesoma mtandaoni, kwa mmoja wa wale watu wanne, kwamba watu wawili wakisimama wakitazamana, wakainamisha vichwa kwa pamoja, ukungu wote huondoka na kilima kizima kinaonekana hadi chini. Sikuwahi kumweleza mzee. Ningemwambia nini? Kwamba gemu hii inatutaka tufanye lile tusiloweza? Nilijiambia ipo siku, huenda mila italegea, huenda mume wangu atazungumza na wazee. Nilikuwa na muda. Ndivyo nilivyodhani.

Mwisho wa mvua za masika hali yake ilibadilika. Mikono ikaanza kutetemeka. Kwenye gemu mtu wake alikuwa akigonga miti, akizunguka jiwe mara mbili kabla ya kuliona. Nilipoona hivyo nikawa natoka njiani mapema zaidi ili asipate shida.

Alasiri moja niliingia nikamkuta amesimama katikati ya njia, penye kona ya jiwe, ametazama upande ninaotokea mimi. Nikatoka. Nikaingia kwenye majani, nikageuza mgongo, nikangoja hatua. Hazikuja. Badala yake nikasikia kengele. Ikalia kwenye spika zangu na ikalia nyuma ya ukuta, mara moja, kisha tena, kisha tena, na kati ya mlio na mlio palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kujibu.

Nilisema moyoni, maskini baba, vidole vimemkosesha, anatafuta kitufe cha kutembea. Nikahakikisha mtu wangu amegeuka vizuri. Nilikuwa nampa heshima yake yote, tena kwa upendo, Mungu ni shahidi wangu.

Mteja akaingia akitikisa mwavuli. Alitaka kopi ya cheti cha kuzaliwa, mbili. Nikaacha skrini, nikaweka cheti kwenye mashine, nikazungumza naye habari za bei ya parachichi. Kengele ililia mara chache zaidi, mteja akauliza ni simu ya nani. Nikasema si simu. Alipoondoka kulikuwa kimya, nikajua mzee amechoka, nikafunga kompyuta bila hata kuitazama.

Jioni ile ile walimpeleka hospitali. Nilijificha jikoni wakati anatolewa, kama inavyotakiwa, nikasikia tu miguu ikiburuzwa na kikohozi cha kutangulia. Alikohoa ili nijue anapita. Siku ya tatu alifariki.

Tulimzika Masukulu. Watu walipopanga mstari wa kuaga nilibaki nyuma ya wanawake, sikujua kama nami naruhusiwa. Shangazi wa mume wangu alinishika bega akanisogeza mbele. "Pita, mama," akasema. "Sasa haoni."

Kwa hiyo nilimwona. Miaka kumi na moja, na miezi minane ya ukuta mmoja, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama usoni. Alikuwa na masikio makubwa. Alikuwa na kidevu cha mume wangu, na kovu dogo juu ya jicho ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Niliinama nikasema shikamoo, kwa sauti ndogo, na nikajikuta nimesimama pale nikingoja. Waliokuwa nyuma yangu wakanisukuma polepole.

Msiba ulipomalizika tulirudi Bulyaga, na mama mkwe akaja kukusanya nguo za mzee. Nilimsaidia. Nilikuwa sijawahi kuingia chumba kile tangu mzee ahamie. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kwa kitambaa cha kusuka alichokiweka mama ili isiingie vumbi. Nikaiwasha, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona miti yake.

Mtu wake hakuwa njiani tena. Alikuwa kwenye majani ya upande wa pili, amegeuza mgongo. Mtu wangu alikuwa kwenye majani ya upande huu, amegeuza mgongo. Njia kati yetu ilikuwa tupu hadi kwenye ukungu.

Mama mkwe alisogea akatazama. Akakaa kitandani na shati la mzee mapajani.

"Siku ile aliamka na nguvu," akasema. "Alisema, leo nitamsalimia mkamwana. Nikamwambia, wewe, unataka kuvunja mila usee huu? Akasema, kule si hapa. Kule hata sula hatuna, ni mila gani itakayotuona."

Nikamwuliza, "Na nilipogeuka?"

"Alingoja. Akakupigia ile kengele yake. Nikamwambia basi, pumsika." Akakunja shati mara mbili, akalinyoosha, akalikunja tena. Aliona ninalia, akaniwekea mkono kichwani kama mtu anayetoa zawadi aliyoitunza. "Usilie, mwanangu. Hakukasilika. Alifulahi. Akasema, tasama mkamwana wangu alivyo na heshima, hata huku ananipisha. Ndipo na yeye akaondoka njiani, ili upite."

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwishoni. Wangu amekuja na amehamia kabisa. Watu wa Masukulu bado wananisifu kwa ajili ya mkwe wangu, kwamba katika wakamwana wote mimi wa mjini ndiye niliyemheshimu zaidi, na nikisifiwa hivyo naondoka kwenda jikoni. Ningetoa kila gemu niliyowahi kuicheza ili mzee yule awe amekufa akiniita msichana asiye na adabu, aliyesimama mbele yake katikati ya njia akamwambia shikamoo.